Kuuguza kidonda baada ya upasuaji wa bawasiri na mpasuko wa njia ya haja kubwa: wiki saba za beseni

Mzee wa Beseni (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Leo natimiza wiki ya saba tangu niondolewe bawasiri za daraja la nne, yaani zile zilizokwisha kutoka nje na ambazo hazirudi hata ukizisukuma kwa kidole, na katika upasuaji huohuo daktari akashughulikia mpasuko wa njia ya haja kubwa niliokuwa nao kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilipokuwa nikisubiri tarehe ya kulazwa nilitafuta kwa bidii maelezo ya Kiswahili kuhusu namna mtu anavyoishi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, nikaambulia matangazo ya wauza mizizi wanaoapa kwamba bawasiri hukauka kwa siku saba. Naandika basi kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kukatwa au anakaribia kukatwa, wala si kwa ajili ya kubishana kama kukatwa kunafaa.

Jambo ambalo sikuelezwa vya kutosha, na ambalo lingeniepusha na hofu nyingi, ni kwamba kidonda chenyewe huachwa wazi kwa makusudi. Mimi nilitarajia kushonwa kama mtu aliyepasuliwa ngiri. Siku ya pili nilipojitazama kwa kioo cha kunyolea nikaona nyama nyekundu katika sehemu tatu, nikampigia kelele mke wangu nikiamini kwamba nyuzi zimekatika. Nyuzi za ngozi hazikuwapo kabisa. Njia niliyofanyiwa ni ile iliyoelezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan, madaktari wa Hospitali ya St Mark's ya London, ambayo kwayo vinundu hukatwa, mshipa wa damu wa kila kinundu hufungwa kwenye shina lake, kisha ngozi haifungwi. Mahali pale hupita kinyesi, na kidonda kikizibwa juu uchafu unaweza kunaswa ndani ukatunga usaha. Kikiachwa wazi hujijaza nyama changa kuanzia chini kwenda juu, na majimaji yake yanapata pa kutokea. Ipo pia njia ya kushona, iliyotangazwa na Ferguson wa Marekani mwaka 1959, na wanaoshonwa nao hupona vizuri, ingawa si ajabu nyuzi zikaachia siku za mwanzo na kidonda kikaishia kuwa wazi vilevile.

Daktari wangu alinichorea duara kwenye karatasi, akasema vinundu hukaa penye tatu, saba na kumi na moja kama tarakimu za saa ya ukutani mgonjwa akiwa amelala chali; mimi nikafasiri kichwani kuwa ni saa tisa, saa moja na saa tano, tukacheka wote wawili. Katikati ya vidonda hivyo vitatu huachwa vipande vya ngozi nzima, mfano wa madaraja, kwa sababu kidonda kikizunguka duara lote, kovu lake hujikunja na kuifanya njia iwe nyembamba. Hiyo ndiyo maana ya vile vinyama vilivyovimba kati ya vidonda, ambavyo mgonjwa huviona na kudhani kwamba bawasiri zimesahaulika. Uvimbe huo hunywea polepole.

Kuhusu mpasuko, kilichokatwa si mpasuko bali ni sehemu ndogo ya msuli wa ndani unaoifunga njia ya haja kubwa, na hukatwa ubavuni mwa njia hiyo. Msuli huo, mtu akiwa na mpasuko sugu, hujikaza muda wote hadi damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Ukilegezwa, damu inarudi na mpasuko unajifunga wenyewe katika wiki kadhaa. Nakiri kwamba maumivu ya mpasuko, yale ya kama kupitisha kipande cha chupa, yalitoweka ndani ya siku chache, na yaliyobaki yalikuwa ya vidonda vya bawasiri. Niliweza kuyatofautisha waziwazi.

Sasa niseme kuhusu choo cha kwanza, kwa maana ndicho kilichonifundisha. Nilikatwa Jumanne asubuhi kwa ganzi ya uti wa mgongo, nikarudishwa nyumbani Jumatano jioni. Alhamisi nilihisi haja nikajizuia, nikijiambia kwamba kidonda kipumzike kwanza. Ijumaa nikajizuia tena, na ili nisipate haja nikala kidogo mno na kunywa maji kidogo. Jumamosi alfajiri choo kilikuja bila kuniomba ruhusa, kigumu kama jiwe la kusugulia miguu, na nilikaa chooni dakika arobaini nikiwa nimeuma taulo. Damu iliyodondoka baadaye ilikuwa kama kijiko kimoja cha chakula, lakini kwenye sinki jeupe ilionekana kama ya kuku aliyechinjwa. Daktari aliponiona Jumatatu aliniuliza swali moja tu: chupa ya dawa ya kulainisha choo imebaki kiasi gani? Ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeifananisha na dawa ya kuharisha, nami sikutaka kuharisha.

Tangu siku hiyo nilimeza laktulosi, yaani hiyo dawa ya kulainisha choo, asubuhi na jioni kama nilivyoandikiwa, na choo cha pili hadi leo kimekuwa kama ndizi mbivu. Nakaribisha maswali, na wenye ujuzi wanisahihishe.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo Mzee wa Beseni, na pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na kisa chako cha chupa iliyojaa nimekiona kwa wagonjwa wasiohesabika. Naomba niongeze mambo machache ya usafishaji, kwa kuwa hapo ndipo penye makosa mengi zaidi nyumbani.

Beseni la kukalia linahitaji maji ya uvuguvugu tu. Yapimwe kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kiwiko kikistahimili bila kushtuka, yanafaa. Kalia kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, na mara moja wapo iwe mara baada ya kutoka chooni. Faida yake kubwa ni kuulegeza msuli unaojikaza kwa maumivu, na kuondoa mabaki bila kusugua. Watu wengi huambiwa waweke chumvi, nami siwakatazi wale wanaopata nafuu nayo, lakini si chumvi inayoponya, na wanaomimina konzi nzima hulalamika kwamba panawasha. Ninachokikataza kabisa ni dawa za kuulia vijidudu zinazosafishia sakafu na vyombo, spiriti, majivu ya moto na maji ya moto ya kuchoma. Nyama changa ni laini kuliko utando wa ndani ya shavu, na vitu hivyo huiunguza kila siku kidonda kinapojaribu kuota.

Baada ya beseni usifute kwa karatasi kavu. Wenzetu wa pwani waliozoea kutawaza kwa maji wana bahati hapa, kwa sababu maji ya kopo au ya bomba la mkono yakitoka kwa nguvu ndogo yanatosha. Kausha kwa kugandamiza kitambaa safi cha pamba, au lala kifudifudi dakika chache upate hewa, kisha weka kipande cha gozi, yaani kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa nje tu, kikunjwe mara mbili, bila kukisokomeza ndani. Kitabadilika rangi: siku za mwanzo chekundu, kisha rangi ya chai ya maziwa, na baadaye majano hafifu yenye utelezi. Majano hayo ya utelezi si lazima yawe usaha, kwa maana kidonda kinachoota nyama hutoa majimaji ya namna hiyo hadi wiki ya nne au ya tano. Usaha huja na harufu kali, homa, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Kwa dawa za maumivu, mezeni kwa saa na si kwa kungoja yazidi. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini humeza gramu moja ya parasetamoli kila baada ya saa sita, bila kupita gramu nne kwa siku, na wengi huongezewa dawa ya jamii ya ibuprofeni baada ya chakula, isipokuwa wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonge vyenye kodeini, pamoja na tramadoli, hutuliza vizuri lakini hufunga choo, kwa hiyo mtu akiandikiwa aulize papo hapo dawa ya kulainisha choo iko wapi. Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita flajili, huandikwa kwa siku chache baada ya upasuaji huu, na imeonekana pia kupunguza maumivu. Isichanganywe na pombe.

Kijana wa Kuchuchumaa

Samahani wakuu, mimi nimekatwa siku nne zilizopita, na nyumba ninayopanga ina choo cha kuchuchumaa cha kuchangia na wapangaji wengine watano. Nikichuchumaa nahisi kama kidonda kinataka kuachana. Je, nihamie kwa shangazi mwenye choo cha kukaa? Na hilo beseni nalikalia wapi, maana chumba ni kimoja?

Mzee wa Beseni

Kaka, pole. Mkao wa kuchuchumaa wenyewe si adui, kwani huinyoosha njia na kukuwezesha kumaliza bila kujikamua. Hata wenye vyoo vya kukaa hushauriwa waweke miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya kiuno. Hisia ya kuachana huletwa zaidi na kujikamua na kukaa muda mrefu. Nenda pale tu haja inapokuita, usipitishe dakika tano, simu iache chumbani, na ikikataa simama utoke urudi baadaye. Kama kuna wapangaji wanaogonga mlango, waambie kwamba umetoka hospitali. Aibu ya siku moja ni ndogo kuliko kujikamua kwa sababu kuna mtu nje anaguna.

Beseni liwe pana ambalo makalio yanaingia yote, lenye ukingo mnene usiokata mapaja. Mimi nilinunua jekundu la plastiki, nikaliweka sakafuni juu ya mkeka karibu na kitanda ili niwe na pa kujishikilia wakati wa kuinuka, kwa sababu mara ya kwanza niliinuka ghafla nikapatwa na kizunguzungu. Maji ya uvuguvugu huteremsha damu miguuni, hasa kwa mtu ambaye hajala. Lioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kila mara, na lisitumiwe kwa kazi nyingine.

Neno moja la pembeni kwa wanaume wenzangu: gozi huteleza ukitembea. Suluhisho langu lilikuwa pedi za kike. Nilisimama dukani Tabata nikinunua kwanza sukari, kisha kiberiti, kisha betri nisizozihitaji, hadi muuzaji akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema pedi, zile kubwa za usiku. Akauliza kama ni zenye mabawa. Sikujua, nikasema ndiyo. Zilinifaa kwa wiki tatu.

Mama Mlenda

Mimi ni mpishi, na mume wangu alikatwa mwaka jana, kwa hiyo niongee kuhusu sufuria. Nyuzinyuzi bila maji ni sawa na kuziba mfereji kwa makumbi. Shemeji zangu walimletea mume wangu maganda ya ispaghula, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi, akawa anayalamba makavu na kunywa nusu glasi ya maji, na choo kikazidi kuwa kigumu. Yakorogwe katika glasi kubwa, yanywewe mara moja kabla hayajaganda kama gundi, na glasi nyingine ifuate.

Kwa chakula nilimwondolea sembe nyeupe nikampa ugali wa dona au wa ulezi, mchicha na matembele kwa wingi, mlenda na bamia, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na yale maji ya kulowekea kumwagwa ili yasimjaze gesi, na papai asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Maji yalikuwa chupa mbili za lita moja na nusu kila siku, nami niliziweka mezani nizione zikipungua. Pilipili niliifungia kabatini kwa mwezi mzima, kwa sababu hutoka na ukali wake uleule ilioingia nao. Ndizi mbichi za kuchemsha, nyama choma bila mboga na chai ya rangi mara sita kwa siku, hivyo navyo nilivipunguza. Msimpe mgonjwa uji mweupe na supu pekee kwa kumhurumia. Choo kikiwa kidogo mno na kikavu hakimpi nafuu, na njia inayopona inahitaji kupitiwa na choo laini chenye ujazo ili isisinyae.

Dereva wa Masafa

Habari za usiku. Leo ni siku ya tisa tangu nikatwe bawasiri. Nilikuwa naendelea vizuri kabisa, jana hata niliendesha gari kwenda kituo cha mafuta na kurudi. Saa moja iliyopita nilihisi haja, nikaenda, ikatoka damu tupu yenye mabonge, na sasa hivi nimekwenda tena, hali ni ileile. Sina maumivu makali. Je, hii ndiyo ile damu ya kawaida inayozungumzwa hapa?

Muuguzi wa Zamu

Ndugu Dereva, hii siyo ile. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi, na usiendeshe mwenyewe. Damu kidogo kwenye karatasi au matone wakati wa choo ni kawaida kwa wiki kadhaa; damu tupu yenye mabonge, inayojaza sinki zaidi ya mara moja, si kawaida hata kama huna maumivu. Kati ya siku ya tano na ya kumi na nne hivi, kigaga na shina la mshipa uliofungwa huachia, na kwa watu wachache mshipa huo hufunguka. Damu inaweza kujikusanya juu ndani ya utumbo kabla hujaiona, kwa hiyo unayoiona si yote. Lala chali ukisubiri usafiri, usile chochote kwa kuwa huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji, na umwambie daktari dawa zote unazotumia, hata asipirini ya kila siku.

Mwenye Swali la Aibu

Nimesubiri mtu mwingine aulize, hakuna. Mimi nimekatwa msuli kwa ajili ya mpasuko, wiki ya pili sasa. Hewa inanitoka bila mimi kuamua, na mara mbili nguo ya ndani imechafuka kidogo. Je, nimeharibiwa maisha? Mimi ni mwalimu, nasimama mbele ya watoto hamsini.

Muuguzi wa Zamu

Mwalimu, hujaharibiwa, na umefanya vyema kuuliza. Katika wiki za mwanzo msuli umelegezwa, pana uvimbe, na kidonda kinatoa majimaji, kwa hiyo kushindwa kuzuia hewa na kuchafuka kidogo hutokea kwa wagonjwa wengi na kwa walio wengi huisha ndani ya wiki au miezi michache. Wapo wachache ambao udhaifu wa kuzuia hewa hubaki, na ndiyo maana daktari mwangalifu hukata sehemu ndogo tu ya msuli wa ndani na hulieleza jambo hili kabla ya kutia sahihi. Msuli wa nje, ule unaouamuru mwenyewe, haukuguswa. Maumivu yakishapungua, anza kuubana kama mtu anayezuia haja, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kama kufikia miezi mitatu bado kinyesi chenyewe kinakutoka, rudi kwa daktari aliyekukata na umweleze kwa maneno hayohayo, bila kupunguza.

Mama wa Wawili

Nashukuru kwa swali hilo, kwani mimi nilinyimwa upasuaji nikakasirika, na sasa naelewa. Nilipata mpasuko baada ya kujifungua mtoto wa pili, na kwa kuwa nilichanika wakati wa kujifungua, daktari alisema hawezi kuukata msuli kabla ya kujaribu njia nyingine, kwa maana msuli wa mwanamke ni mfupi na wangu huenda ulikwisha kuumia. Alinipa mafuta ya diltiazemu ya asilimia 2, niyapake ukingoni mara mbili kwa siku kwa wiki nane, kiasi cha punje ya njegere. Kabla ya hapo nilikuwa nimepewa ya nitrogiliserini, nikaumwa kichwa hadi nikashindwa kunyonyesha kwa utulivu, nikaiacha. Wiki ya sita mpasuko ulifunga. Beseni na mlenda nilivitumia kama ninyi mliokatwa.

Asiyeamini Visu

Nawasoma nikishangaa. Babu yetu huku kijijini anachoma sindano moja tu pale kwenye kinyama, kinakauka na kudondoka, hakuna wodi wala beseni. Na kila anayetokwa na damu anampa dawa ileile, wanapona. Mnajitesa bure.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima. Hospitalini nako ipo sindano ya kunyausha bawasiri ndogo za ndani, na upo mpira mdogo wa kuzifunga shingo zidondoke, na wengi wenye daraja la kwanza hadi la tatu hawahitaji kisu kabisa. Tofauti ni kwamba tunajua kilichomo ndani ya bomba la sindano na tunachoma mahali pasipo na mishipa ya maumivu. Nimewapokea watu waliochomwa dawa kali zisizojulikana, nyama yote imeoza, na baadaye njia imekuwa nyembamba kiasi cha kutopitisha kidole kidogo.

La damu ndilo linanitisha zaidi. Si kila damu ni bawasiri. Damu iliyochanganyika na kinyesi, choo kilichobadilika tabia kwa wiki nyingi, kupungua uzito au upungufu wa damu, vyote hivyo vinataka mtu achunguzwe kwa kidole na kwa kamera kabla ya kuambiwa ana bawasiri, kwa sababu saratani ya utumbo mpana na ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo, huanza kwa dalili hizohizo. Mpasuko nao hukaa kwa kawaida nyuma katikati, mara chache mbele katikati. Ukikaa ubavuni, daktari hutafuta kifua kikuu, maambukizi ya VVU, ugonjwa wa Kroni (uvimbe sugu wa utumbo) na mengineyo. Ndiyo maana vinyama vilivyokatwa hupelekwa maabara, na mgonjwa ana haki ya kulidai jibu lake.

Mzee wa Beseni

Nakubaliana na Muuguzi, na niongeze kwamba jibu langu la maabara lilitoka wiki ya tatu, na nililifuata mwenyewe, hakuna aliyenipigia.

Kabla sijasahau, ganzi ya uti wa mgongo iliniletea jambo ambalo sikulitegemea: usiku wa kwanza nilishindwa kukojoa kabisa. Kibofu kilijaa, tumbo likawa ngumu, nami nikaona haya kumwamsha muuguzi. Nilipomwambia aliniwekea mpira wa mkojo ukatoka zaidi ya lita moja. Msione haya kama mimi. Ukiwa nyumbani na saa nane zimepita bila mkojo, rudi hospitali, na ukijumlisha homa na maumivu ya kinena yanayozidi, usijiulize mara mbili, kwa sababu maambukizi ya ndani ya nyonga baada ya upasuaji huu ni nadra lakini ni ya hatari.

Dereva wa Masafa

Nimerudi, ndugu zangu, baada ya siku tano. Usiku ule shemeji alinipeleka kwa bajaji nikiwa nimelala kwenye kiti cha nyuma. Nilipofika nilizimia kwenye mapokezi. Nilirudishwa chumba cha upasuaji, wakakuta mshipa mmoja unatiririka, wakaushona, nikaongezewa damu chupa mbili. Daktari ameniambia kwamba si lazima iwe ni ile safari ya kituo cha mafuta iliyosababisha, kwa kuwa hata aliyelala kitandani anaweza kutokwa na damu, lakini amenikataza kuendesha lori na kubeba mizigo hadi wiki ya sita. Tajiri wangu amekubali kwa shingo upande. Ninachotaka kuuliza ni hili: nikae juu ya nini? Nimeletewa boya la watoto la kuogelea.

Mzee wa Beseni

Tunamshukuru Mungu umerudi. Kuhusu boya, nami nilikalia nikaliacha, kwa sababu tundu la katikati huyavuta makalio pembeni na kuifanya nyama pale katikati ivimbe zaidi. Mto wa kawaida wa sponji laini ulinifaa, na kulala ubavu kulinifaa zaidi. Kukaa sikupitisha nusu saa mfululizo hadi wiki ya tatu.

Nami nimetoka kliniki leo. Vidonda viwili vimefunga kabisa. Kile cha saa tano bado kina sehemu ya upana wa punje ya mchele, daktari akasema nikipe wiki mbili nyingine, kwa kuwa sukari yangu iko juu kidogo na kidonda cha mwenye sukari huchelewa. Alipitisha kidole, nikauma meno, lakini kilipita, hivyo njia haijasinyaa. Pembeni pamebaki kijingozi kilicholegea kama ncha ya sikio, kisichouma, na hatakigusa. Laktulosi nimeruhusiwa kuipunguza hadi mara moja kwa siku, papai na dona viendelee.

Kijana wa Kuchuchumaa

Shikamoo tena mzee. Mimi niko siku ya kumi na moja, nilifuata yote, wapangaji wananiita mgonjwa na wananipisha foleni. Sasa naomba kujua, mkishapona hilo beseni linakwenda wapi?

Mzee wa Beseni

Marahaba kijana. Mke wangu amesema halirudi ndani ya nyumba hata likichemshwa. Liko uani, bata wanaogelea.